Kusoma Ngozi

Kidonda kilitokea Jumanne, siku ya sita tangu nifike Bukoba. Usiku uliotangulia nilikuwa nimehisi mdomo wa chini ukiwasha na kuchoma upande wa kushoto, kana kwamba nimeng'atwa na siafu. Asubuhi, kwenye kioo kidogo cha nyumba ya wageni karibu na soko, nikaona malengelenge matatu yamejikusanya pamoja, yamejaa maji, na ngozi inayoyazunguka imevimba.

Nina miaka 26. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilikuwa nimekuja Kagera kukusanya simulizi kuhusu magonjwa ya zinaa katika Buhaya ya zamani: kaswende enzi za Wajerumani na Waingereza, kisha UKIMWI. Kwenye begi langu kulikuwa na daftari mbili zilizojaa habari za vidonda vya watu wengine. Hiki kilikuwa changu.

Nikaanza kuhesabu. Wiki tatu nyuma, Dar es Salaam, nililala na mtu tuliyeachana mwaka uliotangulia, na hatukutumia kinga kwa sababu tulijidanganya kwamba tunajuana. Kisha, usiku wa pili tangu nifike Bukoba, nilikutana na kijana niliyesoma naye sekondari. Tulikula samaki ufukweni, tukacheka sana, tukabusiana, tukaishia chumbani kwake. Kondomu ilikuwepo, lakini kondomu haivaliwi mdomoni. Wiki tatu kwa mmoja, siku nne kwa mwingine. Nilikaa kitandani na simu mkononi, nikijaribu kuamua kidonda hiki ni cha nani.

Kwetu mtu akiota malengelenge mdomoni husemwa kwamba homa imetokea nje: alikuwa na malaria, sasa inamtoka. Mimi sikuwa na malaria. Kwa hiyo sikufikiria homa. Nilimfikiria mjomba.

Sikumjua mjomba. Alifariki kabla sijazaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1980, nyumbani Kamachumu, wilaya ya Muleba. Nilichokijua juu yake ni kile ambacho mama alikisimulia mara moja, tukiwa tunamenya ndizi. Alisema mjomba aliota mkanda wa jeshi: malengelenge yaliyopanga mstari kutoka mgongoni kuzunguka mbavu hadi kifuani, upande mmoja tu, kama mkanda wa risasi. Kabla hajakonda, kabla hajaanza kuharisha, kabla mtu yeyote hajapimwa chochote, majirani walikuwa wameshamaliza kazi. Waliuona mkanda, wakasema ni Juliana.

Nieleze jina hilo kwa msomaji ambaye hakukulia Kagera. Baada ya vita vya Kagera, vilivyoanza Idi Amin alipovamia mwishoni mwa mwaka 1978 na kumalizika mwaka 1979, mpaka wa Uganda ukawa njia ya magendo. Vijana wa Bukoba na Muleba walivuka na kahawa, wakarudi na sabuni, redio na vitambaa. Kulikuwa na kitambaa kimoja kilichopendwa sana, kikiitwa Juliana. Vijana waliokiuza na wasichana waliokivaa ndio walioonekana kuanza kuugua, kukonda na kufa. Basi ugonjwa ukapewa jina la kitambaa. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita slimu, kwa jinsi ulivyomfanya mtu kuwa mwembamba. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, wote mkoani Kagera, na hospitali inayotajwa mara nyingi katika simulizi hiyo ni Ndolage, mwendo mfupi kutoka kwa bibi yangu. Kufikia mwaka 1986 hakukuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haukuwa umeripoti mgonjwa.

Jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza utafiti ni kwamba majirani wa mjomba hawakuwa peke yao katika kusoma ngozi. Mwezi Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na kipimo cha virusi, na bado zililazimika kumtambua mgonjwa. Wakaandika orodha. Dalili kubwa zilikuwa tatu: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha kwa zaidi ya mwezi, na homa ya zaidi ya mwezi. Dalili ndogo zilikuwa kadhaa, na mbili kati yake zilihusu malengelenge: mkanda wa jeshi unaojirudia, na vidonda vya hepesi vinavyoenea bila kupona. Mtu mzima mwenye dalili kubwa mbili na ndogo moja, bila sababu nyingine inayojulikana kama vile saratani au utapiamlo mkali, alihesabiwa kuwa na UKIMWI. Daktari wa Ndolage na jirani wa Kamachumu walikuwa wanasoma kitabu kimoja. Tofauti ni kwamba daktari alitakiwa kungoja ziwe dalili tatu. Jirani alitosheka na moja.

Mimi nilitosheka na malengelenge matatu.

Nilivaa barakoa, nikaenda duka la dawa. Kijana wa kaunta alinitazama nilipoishusha, akatabasamu kidogo, akauliza kwa sauti ya kusikika na wateja wawili nyuma yangu, "Umembusu nani, dada?" Nikanunua dawa ya kupaka ambayo baadaye niliambiwa ni ya fangasi. Nilirudi chumbani nikalala mchana kutwa.

Usiku nilifungua daftari. Nilijiambia nafanya kazi, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kukaa na watu waliowahi kuogopa kama mimi.

Bukoba ilianzishwa kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na haikuchukua muda wageni wakaanza kuandika kwamba Wahaya wana kaswende. Kaskazini, Uganda, daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitoa taarifa mwaka 1908 akidai kwamba Waganda wapatao asilimia 80 katika baadhi ya maeneo wameambukizwa. Yeye na wenzake walieleza sababu bila kusita: wanawake wamepata uhuru kupita kiasi, machifu wamepoteza nguvu ya kuwadhibiti. Hospitali ya Mulago, ambayo leo ni kubwa kuliko zote Uganda, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa.

Lakini wanahistoria waliorudi kwenye taarifa hizo, Megan Vaughan akiwa mmoja wao, wameonyesha kasoro. Kijidudu cha kaswende kina ndugu zake wa karibu, na mmoja huleta buba. Buba hutoa vidonda vinavyofanana na vya kaswende, ila haihitaji ngono. Huambukizwa kwa kugusana ngozi, na wanaoipata zaidi ni watoto, wanaocheza pamoja na kulala mkeka mmoja. Kipimo cha damu cha Wassermann, kilichobuniwa mwaka 1906, hakikuweza kutofautisha ndugu hao, na hata vipimo vya damu vya leo havitofautishi. Maana yake ni kwamba katika ile asilimia 80 walikuwamo watu wengi waliougua utotoni, wakiwa hawajui hata neno zinaa, na daktari akaitazama ngozi yao akaona dhambi. Kaswende ya kweli ilikuwepo, na kisonono pia. Shane Doyle, aliyeandika kitabu kizima kuhusu Buganda, Buhaya na Ankole kabla ya UKIMWI, anayachukulia magonjwa hayo kwa uzito unaostahili. Lakini kiasi gani kilikuwa cha kitandani na kiasi gani cha mkekani, hakuna anayeweza kukipima leo.

Mzigo ukaangukia wanawake. Kuanzia miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, wanawake wa Kihaya waliokimbia ndoa mbaya au waliokosa urithi wa kibanja walipanda meli kwenda Kampala na Nairobi kuuza miili. Nairobi waliitwa Waziba, kwa jina la Kiziba, mojawapo ya falme za Buhaya. Baadhi walirudi na fedha, wakanunua vibanja kwa majina yao wenyewe na kuwajengea wazazi wao nyumba. Machifu na wazee walijaribu kuwazuia bandarini. Kila nilipolisoma hilo nilikuwa upande wa wanawake, naandika pembeni ya ukurasa maneno makali kuhusu wazee. Sasa nilikuwa chumbani nimejifungia, mdomo umefunikwa, najishitaki kwa sauti ya wazee walewale.

Siku iliyofuata nilikwenda zahanati moja mjini. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Aliniita mdogo wangu, akafunga mlango, akaniambia nivue barakoa. Alitazama kwa tochi ya simu, akauliza, "Hii ni mara ya kwanza?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikakumbuka kidato cha nne, wiki ya mtihani wa taifa, nilivyopaka mafuta ya mgando mdomoni siku nane. Na msiba wa baba. Nikasema, "Hapana. Ya tatu, labda."

"Basi huyo ni mgeni wako wa siku nyingi," akasema.

Alinieleza taratibu, na nikaandika kwa sababu mkono wangu umezoea. Hepesi ina aina mbili. Ya kwanza hukaa zaidi mdomoni, na watu wengi huipata wakiwa watoto wadogo, kwa busu la mzazi, shangazi au bibi. Ya pili hukaa zaidi sehemu za siri na huenea kwa ngono. Aina ya kwanza nayo yaweza kuhamia sehemu za siri kwa njia ya mdomo. Kirusi kikishaingia hakitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, kinalala, kisha siku ya homa, jua kali, uchovu, hedhi au mawazo mengi kinaamka na kufuata mshipa uleule hadi juu. Ndiyo maana watu husema malaria imetokea mdomoni. Kuhusu homa hawajakosea: homa imeamsha kilichokuwemo.

Baadaye nilisoma makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwamba mwaka 2016 watu bilioni 3.7 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 67, walikuwa na aina ya kwanza. Wengi wao hawajawahi kuota hata lengelenge moja.

"Kwa hiyo sio yeye," nikasema.

"Kidonda hiki, siamini kama ni yeye. Safari, kazi, usingizi mdogo, vinatosha. Lakini usichanganye mambo, mdogo wangu. Kidonda hakikuambii kama una VVU, na kutokuwa na kidonda pia hakukuambii. Umelala na mtu bila kinga?"

Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa nimelisoma jambo vibaya. Nilikuwa nimemtazama kijana wa ufukweni kwa sababu kidonda kilikuwa mdomoni na yeye ndiye niliyembusu. Hatari ya kweli ilikuwa Dar es Salaam, wiki tatu nyuma, kwa mtu niliyedhani namjua, na haikuacha alama yoyote. Muuguzi alisema ningekwenda hospitali ndani ya saa 72 ningepewa dawa za kuzuia maambukizi, za kumeza siku 28. Muda huo ulikuwa umepita. Alinitoboa kidole, akapima VVU na kaswende. Kaswende, alisema, yaweza kutoa kidonda mdomoni pia, ila chake kwa kawaida hakiumi, nacho kinahitaji sindano za penisilini na si kusubiri. Vyote viwili vilikuwa hasi. "Cha VVU bado hakijamaliza kusema," akasema. "Rudi baada ya miezi 3 tangu siku ile. Na mpaka hapo, kinga."

Alinipa vidonge vya asaikloviri, akaonya kwamba vinafaa zaidi vikianzwa mapema na kwamba kidonda kingepona chenyewe ndani ya siku kumi hivi. Nisikiguse kisha nikapeleka mkono jichoni. Nisibusu mtu. "Hasa mtoto mchanga," alisema akiwa tayari ameshika kitasa. "Kwa mtoto mchanga kinaweza kuua."

Alhamisi nilipanda Hiace kwenda Kamachumu. Gari lilipita Kemondo, likafika Muhutwe, likaanza kupanda mlima kati ya migomba na mibuni. Binamu yangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla na alikuwa kwa bibi. Nilipoingia nilipiga magoti, nikamwamkia bibi. Kabla hata ya kuulizana habari, mtoto akaletwa, akawekwa mikononi mwangu, na wote wakasubiri nimwinamie.

Sikumwinamia. Nilimshika mbali na uso, kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Nikasema nina mafua. Binamu akaitazama barakoa, akamchukua mwanawe bila neno, akaenda naye chumba cha ndani. Nikajua ameshaanza kusoma.

Jioni bibi aliniita jikoni. Alikuwa na kahawa ya kutafuna mkononi, ileile inayopewa wageni. Enzi za mababu, Wahaya wawili waliotaka undugu wa damu walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje damu yake, akampa mwenzake ameze. Bibi aliniambia nivue. Nikavua.

Alicheka. Sikutegemea kicheko. Akashika mdomo wake wa juu, kwenye kovu dogo jeupe ambalo nimeliona maisha yangu yote bila kuuliza. "Hicho ni changu," akasema. "Mama yako alikuleta hapa una miezi sita ukiwa na homa, nikakulea mpaka akarudi Mwanza. Kila nikiugua kinanitoka. Umekipata kwangu."

Nilimweleza kuhusu mtoto, alivyosema muuguzi. Aliacha kucheka. Alimwita binamu, akamwambia kwa Kihaya, kirefu, akionyesha mdomo wangu na wake, na akamkataza yeyote mwenye kidonda cha namna hiyo asimkaribie mtoto usoni, yeye bibi akiwa wa kwanza. Binamu alikuja akakaa karibu nami. Hakuniomba radhi, nami sikuwa na haki ya kudai.

Tulipobaki wawili, bibi alisema juu ya mjomba. Sikuwa nimewasha kinasa sauti, na nimepata ruhusa yake kuandika haya. Alisema ulipotokea mkanda wa jeshi, watu waliacha kuja kunywa kahawa. Mjomba alikuwa bado ana nguvu, anakata ndizi mwenyewe. "Walimzika kwa macho," alisema. "Mimi nilimwosha kwa mikono hii mwaka na nusu, na hakuna aliyeniambia kama ananiambukiza au haniambukizi. Nilidhani nami nakufa. Niliendelea kuosha."

Sikumwambia kwamba mkanda wa jeshi ni kirusi cha tetekuwanga kilichoamka, jamaa wa kile cha mdomo wake na wangu, na kwamba humpata hata mzee asiye na VVU. Ningemwambia nini? Kwamba majirani walikosea njia, ingawa kwa mjomba walipatia jibu?

Utafiti wa mwaka 1987, uliofanywa na watafiti wa Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa mji wa Bukoba wana VVU, na asilimia 10 katika Bukoba Vijijini na Muleba. Kwa wanawake wa mjini wenye miaka 15 hadi 24, umri wa wasichana wa Juliana, ilikuwa 27.6. Mwaka 1993 kiwango chao kilikuwa kimeshuka hadi 11.2, na cha mji mzima kikawa 18.3, kisha 13.3 mwaka 1996. Hayo yalitokea kabla ya serikali kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004. Vifo vilichangia kushusha namba hizo, lakini watu pia walibadilika, hasa vijana. Walikuwa wamezika vya kutosha.

Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, majaribio yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Watafiti wakajua pia kwamba mwenye hepesi ya aina ya pili yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU, na wengi hawajui kama wanayo. Wakawapa asaikloviri kila siku mamia ya wanawake wa baa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakitumaini kuwakinga. Matokeo yalitoka mwaka 2008: haikuwakinga. Vidonge vilevile nilivyopewa mimi, na wanawake ambao mjini wangetazamwa jinsi kijana wa duka la dawa alivyonitazama.

Nilimpigia yule wa Dar es Salaam nikiwa bado Kamachumu, nimesimama mibunini kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Nilimwambia nimepima na kwamba naye apime. Alikaa kimya, kisha akauliza kama nimeona dalili yoyote. Nikamwambia hapana, na kwamba ndiyo sababu.

Nilirudi chuoni. Miezi 3 ilipotimia nilipima tena, nikatoka na karatasi, nikampigia bibi.

"Nimepima," nikasema.

"Na?"

"Sina."

Alishusha pumzi. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga. "Na ungekuwa nacho," akasema, "ungeniambia?"

"Ningekuambia, bibi."

"Haya. Mtoto ameanza kucheka. Njoo umwone."